Hodi Mlangoni Pake

Watoto wa baba yangu mdogo waliondoka kijijini Ntalikwa mmoja mmoja: wawili Dar es Salaam, binti Kahama kwa mumewe, kitinda mimba Mwanza kutafuta kazi. Wakabaki mzee na mkewe, nyumba ya vyumba vitano, shamba la viazi na karanga, miembe, na mizinga michache kule miomboni. Ukimya ukamshinda mzee. Kifungua mimba alipopiga simu kutoka Dar es Salaam, "Baba, uzeni mje tukae pamoja," hakuuliza mara mbili.

Mama aliuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, kwa hiyo karatasi ikaletwa mbele yake. Wajomba wamesimama, mnunuzi ameshika bahasha, mume anatazama chini. Akatia dole gumba. Mimi siiti hiyo ridhaa.

Babu zetu Wanyamwezi waliijua safari. Karne ya 19 walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo wakarudi na vitambaa na shanga, na wengi walipanga mwendo wao wafike nyumbani mvua zikikaribia, wawahi kulima. Waliokwenda pwani walikuwa na pa kurudi kwa sababu kuna aliyebaki akilima. Mzazi anayebaki kijijini watoto wakishatawanyika anafanya kazi ileile, ingawa hakuna anayemlipa wala kumshukuru.

Fedha za shamba ziliingia kwenye duka la kijana, zikaisha kabla ya mwaka. Wazee walilala sebuleni. Mkamwana aliwatunza vizuri, lazima niseme haki yake, lakini vyumba viwili vya kupanga havitoshi watu saba. Mzee aliyekuwa akiamua siku ya kupanda sasa aliomba nauli ya daladala kwa mwanawe.

Walirudi kijijini kwa treni, wakafikia kwangu. Watoto wanatuma fedha kwa simu, na karibu na sikukuu wanauliza watafikia wapi. Mzee huniachia mimi nijibu.

Mnunuzi ni mtu mwema. Mama alimwomba matuta sita apande viazi, apate michembe ya kiangazi, naye akampa. Kila asubuhi mama hupita chini ya mwembe alioupanda mwenyewe, husimama kwenye mlango ule wa zamani, hupiga hodi, na husubiri aambiwe karibu ndipo azunguke nyuma kulima.