Kabla ya Kumhukumu Sungura

Mnyama wa nyumbani akikojoa pasipotakiwa, hukumu yetu hutangulia ushahidi. Tunasema hana adabu, amedekezwa, dawa yake fimbo. Akiwa sungura, adhabu huwa nzito zaidi, maana nyama yake inalika. Leo naandika kumtetea sungura jike kijana, kwa sababu naamini namna tunavyomhukumu yeye ndivyo tunavyowahukumu wengi walio chini ya mamlaka yetu.

Nyumbani kwa mdogo wangu, Morogoro, binti yake anafuga sungura aliyempa jina la Pamba. Alipoletwa alikuwa mdogo, mpole, na haja zake zote alizimalizia pembe moja ya banda. Alipokaribia miezi mitano akabadilika. Akawa anasugua kidevu kwenye miguu ya viti, kwenye kizingiti, hata kwenye viatu vya wageni. Akamwaga vinyesi vikavu, mviringo kama punje za dengu, kandokando ya ukuta wote. Mkono ukiingia bandani kuchukua bakuli, anakoroma na kuurukia kwa miguu ya mbele. Siku moja akapanda kitandani kwa mtoto na kukojoa katikati ya shuka, mwenyewe akimtazama.

Mzee mmoja jirani akashauri kwa nia njema kabisa: "Huyo keshakomaa, mwanangu. Mchinjeni." Mtoto akanigeukia: "Shangazi, Pamba ananichukia?"

Hamchukii. Pamba amepevuka. Sungura wengi hupevuka kati ya miezi mitatu na sita, wa jamii ndogo wakitangulia. Sungura wote wa kufugwa asili yao ni sungura mwitu wa kusini-magharibi mwa Ulaya, wanaoishi kwa ukoo ndani ya mashimo waliyoyachimba wenyewe. Gizani mle, harufu ndiyo inayotambulisha nani ni wa hapa na nani mgeni. Chini ya kidevu kuna tezi zenye harufu tusiyoweza kuinusa sisi. Mkojo na vinyesi hufanya kazi hiyohiyo kwa sauti kubwa zaidi. Huko Australia, ambako Thomas Austin aliwaachia sungura porini mwaka 1859 wakageuka kuwa janga la nchi nzima, mtafiti Roman Mykytowycz alizichunguza tezi hizo na kuona kwamba wenye cheo katika ukoo ndio wanaopaka alama zaidi, na tezi zao ni kubwa kuliko za wenzao.

Kwa hiyo Pamba alipokisugua kizingiti kwa kidevu, alikuwa anasema anaishi hapa. Shuka la mtoto lina harufu nzito ya mtu mwingine, naye akajibu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Ukimpiga kwa hilo, hatajua kosa lake ni lipi. Atakachojifunza ni kwamba mkono wako unaumiza. Tena mifupa ya sungura ni myepesi, na akishikwa vibaya akarusha mateke, anaweza kuuvunja mgongo wake mwenyewe.

Dawa inaanzia kwenye kuheshimu mipaka yake. Banda ni lake: subiri atoke ndipo usafishe. Weka trei ya haja kwenye pembe aliyoichagua yeye, na nyasi kavu kando yake, maana sungura hupenda kula na kujisaidia kwa wakati mmoja. Vinyesi vilivyozagaa virudishwe kwenye trei, na ukiiosha bakiza harufu kidogo. Alipokojoa pasafishwe kwa siki iliyochanganywa na maji. Mkojo wa sungura una kalsiamu nyingi, ndiyo maana huacha ukoko mweupe, na siki huuyeyusha. Chumba cha kulala kifungwe kwanza. Mpe eneo dogo, akilitunza mwongezee.

Hayo yatasaidia, lakini hayatazima homoni. Jike asiyefungwa kizazi hupata hata mimba ya uongo: hunyofoa manyoya ya kifuani, hutandika kiota, hulinda watoto wasiokuwepo. Lililo zito zaidi ni saratani ya mfuko wa uzazi. Katika baadhi ya makundi yaliyochunguzwa, zaidi ya nusu ya majike waliovuka miaka minne walikutwa nayo. Upasuaji wa kuutoa mfuko huo pamoja na ovari, ambao kwa kawaida hufanywa kuanzia miezi minne hadi sita, huondoa hatari hiyo, na kwa wengi alama hupungua katika wiki zinazofuata.

Madaktari wetu wa mifugo wamezoea zaidi ng'ombe, mbuzi na mbwa. Muulize daktari waziwazi kama amewahi kumpasua sungura. Sungura hatapiki, kwa hiyo hana haja ya kushindishwa njaa kabla ya upasuaji. Na baadaye asipokula, utumbo wake husimama na anaweza kufa. Amoksilini ya kumeza ni hatari kwake. Kama fedha ya upasuaji haipo, basi atengwe kabisa na madume, kwani mimba yake ni ya mwezi mmoja tu na anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Alama zilizobaki tuzivumilie.

Wapo watakaonikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nakubali. Lakini anayekunja sharti ajue samaki anakunjika wapi, la sivyo anamvunja. Hata watoto wetu, wakifika umri wa kufunga mlango wa chumba na kutaka kitu kiitwe chao, tunaharakisha kuita kiburi kile ambacho ni kukua. Ukali hapo huleta utulivu wa woga, nao hauwafundishi lolote la kuishi nalo.

Mdogo wangu alimjibu mzee kwa heshima, akaanza kuweka akiba ya upasuaji. Binti anaosha trei mwenyewe kabla ya kwenda shule. Sidhani kama kuna somo la maadili lililozidi hilo: kumhudumia kiumbe anayekukera, baada ya kuelewa kwa nini anakukera.

Kwa hiyo mzazi unayetaka kumnunulia mwanao sungura, usiulize bei ya sokoni peke yake. Piga hesabu ya banda, ya nyasi kavu, ya daktari, na ya ile miezi ambayo kichanga mpole atakuwa jike mwenye msimamo. Sungura aliyetunzwa vizuri huweza kuishi miaka minane na zaidi. Kama huiwezi hesabu hiyo, mwambie mwanao hapana mapema. Kama unaiweza, mchukue, na ujue kwamba wa kwanza kufundishika katika nyumba hiyo ni wewe.