Maneno ya Mgonjwa Aliyepasuliwa

Tumeulizwa juu ya mzee aliyevunjika nyonga akapasuliwa, na usiku wa pili akawa hawajui wanawe, akang'oa mrija wa maji, akamwambia mkewe: "Nimekuacha." Je, talaka imepita?

Jawabu yetu ni kuwa haikupita. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiye na akili haandikiwi mpaka akili imrejee. Na Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 wa Hijra (1223), katika al-Mughni hakumtaja mwendawazimu peke yake, bali amemtia pamoja naye aliyezimia na aliyeondokewa na akili kwa kunywa dawa. Basi asidhani mtu kuwa fiqhi haikuijua hali hii.

Madaktari nao waijua sana. Huwapata zaidi wazee, hasa baada ya kupasuliwa nyonga au moyo, aghlabu katika siku za mwanzo. Huja na kuondoka, na huzidi usiku. Huletwa na maambukizo, upungufu wa maji mwilini au wa oksijeni damuni, maumivu, mkojo uliozuilika, kukosa usingizi, na baadhi ya dawa zenyewe. Wengine hawapigi kelele; hulala kimya, na jamaa husema amepumzika, kumbe naye yumo hatarini. Kumsomea Qur'ani ni jambo jema, lakini anayekwenda kumwita mganga apunge pepo kabla ya kumwambia muuguzi aweza kuuacha ugonjwa unaotibika ukamwua mtu.

Wapo wasemao kuwa akili ikiondoka siri ya moyo hutoka. Hili halina dalili. Yule aliyepotewa na ngamia wake jangwani, alipompata alitamka kwa furaha neno ambalo angelikusudia lingekuwa kufuru. Na Mtume akasema kuwa amekosea kwa wingi wa furaha.

Shida iko hapa: asubuhi mgonjwa huyu aweza kuwa timamu, na jioni hajijui. Twasema hushikwa lile alilolisema akili yake ikijulikana kuwa ipo, nao waliomwuguza waulizwe. Na mizani iwe moja. Tumewaona watu wakimsamehe baba tusi kwa kuwa "alikuwa hajijui," kisha shamba alilowapa usiku ule ule wakalipeleka kwa kadhi!

Jamaa wamkalie karibu kwa zamu, wamvishe miwani yake, wamwambie ni siku gani na yuko wapi. Na akipona asisimuliwe kwa kicheko aliyoyasema, kwani wengi hukumbuka vipande vipande wakaona haya. Akiuliza, aambiwe kwa upole kuwa ulikuwa ugonjwa.