Hadithi Isiyo na Tamati

Ahadi ni deni, walinena wahenga. Je, aanzaye kusimulia kisa huwa amemwahidi msikilizaji mwisho wake?

Wapenzi wa tenzi wanalijua jibu la washairi wetu wa kale. Aghalabu mtunzi hakuweka kalamu chini ila baada ya kuufunga utenzi wake, akataja jina lake na pengine idadi ya beti, ili isidhaniwe kuwa kuna kilichosalia. Tamthilia ya televisheni imejengwa kwa desturi nyingine. Katika vituo vikubwa vya Marekani, kwa miaka mingi msimu mmoja ulikuwa na sehemu zipatazo 22, kuanzia Septemba hadi Mei. Na mwezi huo wa Mei ndipo vituo vilipotangaza tamthilia zipi zitaendelea na zipi zimekatwa. Watunzi wakazoea kuumaliza msimu kwa fundo: shujaa yu hatarini, nasi tungoje.

Hila hiyo ni ya Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, aliyekatisha kisa alfajiri ili aishi hadi usiku wa pili. Lakini mfalme wake alikuwa msikilizaji na mwenye upanga kwa pamoja. Alipokipenda kisa, msimulizi alisalimika. Katika televisheni ya biashara, msikilizaji ni mmoja na mwenye upanga ni mwingine. Huyu huuza muda wa matangazo, akapima idadi ya watazamaji dhidi ya gharama. Twin Peaks ilianza 1990 katika ABC, ikakatwa 1991 baada ya sehemu 30, shujaa wake akiwa amenaswa; ikarudi 2017. Hata Deadwood ya HBO, iliyotegemea ada za wateja na si matangazo, ilikoma 2006 baada ya misimu mitatu, na filamu ya kuihitimisha ikaja 2019.

Tumlaumu nani? Mwenye mali hawajibiki kugharimia karamu milele. Lakini subira ya watu nayo ni mali, na aliyeikopa kwa fundo anadaiwa. Shahrazad alifunga mafundo mengi, ila kila usiku alilifungua la jana kabla ya kufunga jipya. Na ushairi wetu unatufunza zaidi: ubeti sharti ujitosheleze, hata kama unaita mwenziwe. Msimu ukitungwa hivyo, upanga ukishuka baada yake, kazi itakuwa fupi, haitakuwa pungufu.