Usalama na Faragha

Msomaji, watu wengi hudhani kuwa usalama na faragha ni kitu kimoja. Sivyo. Usalama ni kukingwa na mwizi. Faragha ni kusitiriwa na jicho lisilohusika. Mlango huhitaji kufuli na dirisha huhitaji pazia, wala kufuli haliwezi kufanya kazi ya pazia.

Itazame nchi ya Wagusii. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Nyumba hukaribiana, na mara nyingi boma hutengwa na boma kwa ua wa miti tu. Wazee wa huko walihifadhi wimbi katika maghala yao. Lau mmoja wao angaliweka nafaka yake katika ghala la tajiri mwenye walinzi, ingalikingwa na wezi. Lakini tajiri angalijua ana vikapu vingapi, na lini vitakwisha.

Leo nafaka yetu ni picha, barua na hesabu za fedha. Tukiziweka katika kompyuta za makampuni ya mbali, aghalabu hulindwa vema. Lakini mlinzi mwenyewe huweza kuzichungua. Kwa hiyo wako watu wanaoweka seva nyumbani, yaani kompyuta yao wenyewe, iliyounganishwa na ruta, itunze mambo ya jamaa. Nia hiyo ni njema, lakini ina wajibu. Waifai haijui mpaka wa ua. Hupenya ukuta ikamfikia jirani. Neno la siri lililokuja na ruta lisipobadilishwa, mgeni ataingia. Na radi, ambazo ni nyingi katika vilima hivi, zaweza kuunguza seva kwa pigo moja. Asiyeweka nakala mahali pengine atapoteza vyote.

Liko jambo kubwa zaidi. Katika nyumba nyingi mwenye ujuzi huu ni wewe, kijana, na wazazi watakukabidhi ufunguo. Mwenye ruta aweza kuona majina ya tovuti zinazotembelewa. Mwenye seva aweza kusoma barua zisizofichwa kwa fumbo. Utajiambia kuwa unalinda nyumba. Lakini ukisoma barua za dada yako, usalama wa nyumba hauongezeki hata chembe, na faragha yake imevunjwa. Tajiri uliyemkimbia amekuwa wewe.

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, na mwaka 2019 ilitungwa sheria ya kulinda data. Hata hivyo, usiku, nyumbani, mbele ya seva, mlinzi wa haki hiyo ni dhamiri yako. Usalama hutaka ujuzi. Faragha hutaka uaminifu. Basi jifunze kufunga mlango vizuri, kisha jizuie kuchungulia ndani.