Kazi Isiyo na Mwenyewe

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Leo neno hilo lafaa kupimiwa kazi ambayo wahenga hawakuiota: kuandika programu za kompyuta. Tangu mwaka 2021, GitHub ilipotoa kwa majaribio chombo chake kiitwacho Copilot, waandishi wa programu wamepata msaidizi wa akili mnemba akaaye ndani ya ukurasa ule ule wanaouandikia. Mwandishi huanza mstari, msaidizi akaumalizia. Vikaja na vingine, kama Cursor, ambavyo huambiwa haja kwa lugha ya kawaida vikaandika kurasa nzima. Kwamba vyombo hivyo vyafanya kazi, hapana ubishi. Suala ni kuwa thamani yake ipimwe kwa kipimo gani.

Wengi hujibu: kwa kasi. Ushahidi wanao. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2023, waandishi 95 walipewa kazi moja ya kuunda seva ndogo, na waliotumia Copilot waliimaliza kwa muda pungufu kwa takriban asilimia 56. Lakini mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani ilichunguza wataalamu 16 katika kazi 246 za programu walizozizoea kwa miaka. Waliporuhusiwa kutumia akili mnemba, walichelewa kwa asilimia 19. Na la ajabu zaidi, baada ya kazi waliamini kuwa wameharakishwa kwa asilimia 20.

Tofauti hiyo ina sababu. Kazi ya kwanza ilikuwa fupi, na mfano wake umeandikwa mara nyingi duniani. Ya pili ilikuwa sawa na nyumba kongwe yenye siri zake. Mashine haizijui siri hizo. Ijuacho ni mazoea. Imesomeshwa maandishi mengi mno, nayo hukisia kipande gani aghalabu hufuata kipande gani.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuelezwa sana. Ubeti waweza kutimiza mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vikalingana, asitokee wa kuuita guni, na bado ukawa haukusema kitu. Programu nayo yaweza kuendeshwa bila ya kukwama, ilhali imekosea hesabu. Guni husikika kwa sikio. Kosa la maana humngojea msomaji mwenye kufikiri.

Mwaka 1985 mtaalamu wa Denmark, Peter Naur, alieleza kuwa programu si maandishi tu, bali ni nadharia iliyomo vichwani mwa walioiunda. Wakitawanyika hao, programu hufa japo maandishi yamebaki. Ikiwa ndivyo, basi programu iliyoandikwa na mashine na kupokewa bila ya kusomwa huzaliwa yatima.

Huenda ikasemwa kwamba hakuna aandikaye kila kitu mwenyewe. Ni kweli. Waandishi wa programu wameazimana kazi tangu zamani, kama vile mshairi anavyorithi bahari asizozibuni. Lakini mshairi aliyerithi bahari bado huhesabu mizani yake mwenyewe, na akiulizwa maana ya neno alilolitumia hujibu. Kuazima si aibu. Aibu ni kushindwa kujibu.

Na kuulizwa kutakuwapo, maana programu ndizo zibebazo pesa za mvuvi katika simu yake na majibu ya vipimo vya mgonjwa. Hizo ni amana, na amana huulizwa mtu. Mashine haina haya wala hofu; aliyeuridhia mstari wake ameukubali kuwa ni wake.

Kwa fundi aliyekwisha iva, basi, chombo hiki ni msaada: humpunguzia uchovu, naye hubaki hakimu. Hatari imo kwa mwanagenzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kule kuinama ndiko kulikowafunza mafundi wote waliotangulia. Akiinamiwa na mashine kila siku, atakipata cha mvunguni, ila hatajua kilikuwa kimelazwa vipi. Mafundi wa leo wanaweza kuisahihisha mashine kwa sababu walijifunza kabla yake. Wenye kuthamini kasi peke yake wajiulize ni nani atakayeisahihisha wakishaondoka hao.