Miiba Uliyokata Umeitupa Wapi?

Wapendwa, tukisikia neno kupogoa, wengi wetu tunakimbilia Yohana 15, kwenye mzabibu. Leo nawaomba tusimame kwanza hapa nyumbani, kando ya ua wa kayaba.

Mnaujua. Majani yake ni madogo, yanang'aa, na pale jani linapoota hutoka mwiba ulionyooka, wakati mwingine mrefu kama kidole. Usiuchanganye na ule mmea mwingine wa ua wenye miiba iliyopinda kama ndoana. Ule hukushika nguo, huu hukudunga moja kwa moja. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na hauogopi ukame. Matunda yake ya manjano ni machachu kweli kweli, na ukipanda wa kiume, matunda sahau.

Kuna wanaoona huruma kuukata. Wanauacha upande juu, na kweli unakuwa mti, lakini chini unabaki wazi na mbuzi wa jirani anaingia kwa kuinama tu. Kayaba hukatwa kichwa ukiwa bado mdogo, ndipo utoe matawi ya pembeni. Tena chini uachwe mpana kuliko juu, la sivyo mwanga haufiki na majani ya chini yanakauka. Hayo yote niliyajua, na ua wangu niliuringia, nasema ukweli.

Mwaka mmoja nilikata, nikasukuma matawi yote nje, kwenye njia. Nikajiambia nitayaondoa Jumamosi. Jumamosi ikapita. Majani yakaanguka, miiba ikabaki, mikavu na migumu. Mtoto wa jirani akapita na slipas, mwiba ukapenya soli, ukakatikia ndani ya kisigino. Mguu ulivimba hata mama yake akambeba mgongoni mpaka kliniki.

Alipokuja kwangu nilikuwa na jibu tayari: mtoto angeangalia anapokanyaga. Yeye hakupandisha sauti. "Mzee, ua ni wako, sipingi. Lakini hii miiba ikishatoka kwa ua, ni ya nani?"

Sikuwa na la kusema. Kumbe nilidhani mwiba ni wangu ukizuia mwizi, na ukiumiza mtu ni shida ya mwenye mguu.

Swali lake halikuishia kwa kayaba. Niliwahi kumkemea mwanangu mbele ya ndugu zake kwa neno kali, nikaita kumrekebisha. Na kurekebishwa alihitaji, hata leo naamini hivyo. Lakini nilikata nikaenda zangu. Wadogo zake waliliokota lile neno wakawa wanamwita nalo mpaka shuleni. Mimi nilikuwa nimeshasahau.

Mtu atasema, basi afadhali usikate. Hapana, huyo amesahau mbuzi. Kazi ya panga lazima ifanyike, ila nyuma yake kuna kazi nyingine ya kuinama na kuokota, na hiyo hakuna anayekusifu ukiifanya.

Mwanangu nimemwomba msamaha, ingawa bado hatujamaliza. Na ua bado naukata kila mwaka. Matawi marefu naziba nayo mapengo, mengine nayachoma kwenye shimo ndani ya boma langu. Halafu navaa slipas, napita ile njia mimi mwenyewe, kabla watoto hawajatoka shule.