Habari za Dhuluma Zinapotufikia

Alhamdulillah, sifa zote njema ni za Allah, aliyejiharamishia dhuluma na kuiharamisha baina ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake wote. Nausia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Allah.

Ndugu zangu waumini, wiki haipiti bila simu zetu kutuletea habari inayochoma moyo. Mjane kanyang'anywa kiwanja. Kijana kaitiwa mwizi, wananchi wenye hasira kali wamemmaliza. Mkubwa kaachiwa, mnyonge kafungwa. Tunasoma tukiwa ndani ya kifodi, damu inachemka, na kabla hatujashuka Kilombero tumeshahukumu na tumeshasambaza.

Kuchukia dhuluma ni katika imani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuliondoa baya kwa mkono, asiyeweza kwa ulimi, na asiyeweza hilo basi kwa moyo. Anayesikia mjane kadhulumiwa na moyo wake usitikisike, aukague moyo huo. Lakini uchungu wa msikilizaji si ushahidi, na hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Katika Sura Swad, Allah anatusimulia habari ya Nabii Dawud, amani iwe juu yake. Watu wawili wanaogombana walimwingilia mihrabuni. Mmoja akalalamika: ndugu yangu huyu ana kondoo jike 99, mimi ninaye mmoja tu, na huyo mmoja anamtaka. Dawud akasema palepale kwamba amedhulumiwa. Kisha akatambua kuwa ametahiniwa, akaomba maghufira na kuanguka kusujudu. Baadhi ya wafasiri wanasema mtihani wake ulikuwa huo: alitamka hukumu kabla hajamsikia yule wa pili. Hebu iangalieni kesi yenyewe. Tajiri wa 99 na maskini wa mmoja! Nani angetaka kusikia zaidi? Ndiyo maana Mtume alipomtuma Sayyidna Ali Yemen kuwa kadhi, alimwagiza asihukumu baina ya wawili mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza.

Chukueni kesi tuliyoiona hapahapa mjini. Tarehe 15 Oktoba 2021, Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha ilimhukumu aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai, Lengai Ole Sabaya, pamoja na wenzake wawili, kifungo cha miaka 30 jela kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Vijiweni watu wakasema haki imetendeka. Tarehe 6 Mei 2022, Mahakama Kuu ikaifuta hukumu ile na kuwaachia huru. Vijiwe vilevile vikasema nchi hii haina haki. Sikupanda mimbari kumhukumu mtu ambaye mahakama imemwachia. Nauliza jambo linalotuhusu sisi: ni wangapi kati yetu tuliosoma walau ukurasa mmoja wa hukumu ya kwanza, au ya pili? Tulishangilia na tulinuna kwa kadiri tulivyompenda au kumchukia mtu. Na Sura ya Maida imetuonya kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu. Rufaa imewekwa kwa sababu hakimu ni binadamu. Ukiifurahia inapomwokoa jamaa yako, usiitukane inapomwokoa usiyempenda.

Sisi Waislamu wa Arusha tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kwenye ibada ya uzinduzi wa kanisa la Olasiti, wakafa watu watatu na wengi wakajeruhiwa. Ilikuwa dhuluma kubwa, na majirani zetu walilia kwa haki. Lakini kabla upelelezi haujafika popote, midomo ilishapata mshitakiwa: kanzu. Wageni wanne kutoka Falme za Kiarabu walikamatwa, habari zao zikaenea kila mahali, na baadaye wakaachiwa. Aliyeonja uchungu wa kuhukumiwa kwa vazi lake, atamhukumuje Mmasai kwa shuka yake, au kijana wa Unga Limited kwa mtaa anaotoka?

Na maneno huua. Katika majengo ya AICC, tunayoyapita kila siku, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliwatia hatiani mwezi Desemba 2003 waasisi wawili wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufaa iliwafutia baadhi ya makosa na kuwapunguzia vifungo, lakini hakuna hata mmoja aliyetoka bila hatia. Redio ile iliwajaza wasikilizaji wake hofu na kinyongo, ikawaaminisha kuwa wao ndio wanaoonewa, kisha ikawaonyesha wa kuuawa. Sura ya Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari ya mtu fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, tukabaki na majuto. Hapa kwetu majuto hayo yana ushahidi uliohifadhiwa, kurasa kwa maelfu.

Basi tufanye nini na moto ulio moyoni? Hili ndilo linalonikera zaidi, nalisema wazi. Kijana wa pikipiki anagongwa Sakina, gari linakimbia. Watu hamsini wanatoa simu, picha zinafika hadi Dar es Salaam, kila mtu analaani. Trafiki akifika na daftari, akauliza nani ameona, uwanja mzima unageuka kipofu. Mama wa yule kijana atakwenda mahakamani na nani? Kesi ikianguka kwa kukosa mashahidi, sisi tuliokimbia ndio tutakaoandika kwenye grupu kwamba hakimu kala rushwa. Katika Sura ya Baqara, Allah amewakataza mashahidi kukataa wanapoitwa, na akasema anayeuficha ushahidi moyo wake una dhambi. Moyo huohuo tunaojisifu kwamba unaumia!

Naijua hofu. Nauli, kazi inayolala, kesi kuahirishwa kwa sababu upelelezi haujakamilika, mshitakiwa kuwa jirani yako. Hofu hizo ni za kweli, na ndiyo sababu jamaa wa msikiti wanapaswa kumsindikiza shahidi na kumchangia nauli, kama tunavyochangia msiba.

Ewe Allah, wape subira waliodhulumiwa, wafungulie walioko mahabusu bila kosa, waongoze mahakimu wetu, na utupe ujasiri wa kusema tulichokiona.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa asiye na uwezo njia ya kusaidiwa bure. Mwenye ndugu yake mahabusu Kisongo asiye na wakili, au aliyeitwa kutoa ushahidi na anaogopa kwenda peke yake, baada ya swala abaki upande wa kushoto wa mihrabu. Tutaandika majina, na Jumatatu tutaongozana.

Aqimi swala.